Seli shina zipo, ila nani anaziambia la kufanya?

Ukimkata planaria katikati kwa wembe, pale wembe unapopita kuna seli zilikuwa majirani kabisa, zimegusana, zina DNA ileile, afu ghafla moja imebaki kwenye kipande cha mbele na mwenzake amebaki kwenye kipande cha nyuma. Siku chache baadaye kidonda cha kipande cha mbele kinaota mkia, na kidonda cha kipande cha nyuma kinaota kichwa, na macho, na ubongo. Majirani wale wale. Kabla ya kukata umbali kati yao ulikuwa haufiki hata unene wa unywele. Hilo swali ndo lilinishika nikiwa mwanafunzi na mpaka leo linaendesha kazi yangu, na nimeamua kuliandika kwasababu kila nikisoma habari za hawa minyoo kwa lugha rahisi naona stori inaishia palepale, kwamba ana seli shina nyingi, zile zinazoweza kugawanyika na kuwa seli ya aina nyingine yoyote, kwahiyo anaota upya, basi. Hapana jamani. Seli shina ni nusu ya habari, na kwa maoni yangu ni ile nusu rahisi.

Nimweleze kwanza mnyama mwenyewe. Planaria ni mnyoo bapa, wengi wao wanaishi maji baridi chini ya mawe, na huyu anayetumika sana maabara anaitwa Schmidtea mediterranea, kahawia, urefu wa milimita chache mpaka kama sentimita mbili. Ana macho mawili juu ya kichwa, ana ubongo wa kweli na neva mbili ndefu zinazoshuka mpaka mkiani, ila hana moyo, hana damu, hana mapafu, na mdomo wake haupo kichwani kabisa, uko katikati ya tumbo, koromeo linatoka nje linanyonya chakula na mabaki yanatoka kwa njia hiyohiyo. Tunamfuga kwenye maboksi ya plastiki yenye maji ya chumvi kidogo iliyopimwa, gizani, tunampa ini la ng'ombe lililosagwa, na kabla ya jaribio lolote anakaa na njaa wiki nzima ili chakula kilichoko tumboni kisivuruge matokeo. Njaa haimsumbui. Akikosa chakula muda mrefu anapungua mwili mzima kwa uwiano, ubongo unapungua, utumbo unapungua, seli zinapungua idadi, mpaka wa sentimita mbili anaweza kufika milimita moja na bado ni mnyoo kamili anayetembea, afu ukimlisha anakua tena. Watu wanashangaa kukatwa kwake, mimi hiki cha kupungua ndo kilinishangaza zaidi, kwasababu maana yake ni kwamba hata bila kidonda mwili wake kila siku unapima nani yuko wapi na awe mkubwa kiasi gani.

Habari za kumkata ni za zamani sana. Karne ya 18 Peter Simon Pallas alishaandika kwamba vipande vyao vinakuwa wanyama kamili, na 1814 Mskoti John Graham Dalyell akaandika kwamba ni kama kiumbe asiyekufa mbele ya kisu. Mwaka 1898 Thomas Hunt Morgan akafanya hesabu iliyobaki kwenye vitabu mpaka leo, kwamba kipande cha 1/279 ya mnyoo bado kinaweza kutoa mnyoo mzima. Huyu ni Morgan yuleyule aliyehamia baadaye kwa nzi wa matunda na kupata Nobel 1933 kwa kazi ya kromosomu. Aliondoka na ninamwelewa kabisa, wakati ule hakukuwa na namna ya kuingia ndani ya hilo swali. Lakini kabla hajaondoka aliona kitu ambacho nitakirudia, kwamba ukikata kipande kifupi sana, chembamba kabisa, mara nyingine kinaota vichwa viwili, mbele kichwa na nyuma kichwa. Yaani kipande kikiwa kifupi mno kinapoteza habari ya upande gani ni upi.

Sasa hizo seli. Zinaitwa neoblasti, ndogo, za mviringo, zimetapakaa mwili mzima isipokuwa mbele ya macho na kwenye koromeo, na ndo seli pekee zinazogawanyika kwa mnyama mzima, ngozi haigawanyiki, neva hazigawanyiki, misuli haigawanyiki, kila seli mpya imetoka kwenye neoblasti. Ukimpiga mionzi ya kutosha zinakufa zote, mnyoo anaonekana mzima kwa muda, anatembea, afu kichwa kinaanza kusinyaa na baada ya wiki kadhaa anakufa kwasababu hakuna wa kujaza nafasi za seli zinazochakaa. Mwaka 1989 Jaume Baguñà na wenzake Barcelona walichukua neoblasti kutoka mnyoo mzima wakaziingiza kwa mnyoo aliyepigwa mionzi, akapona. Mwaka 2011 maabara ya Peter Reddien kule MIT, chuo cha Marekani, wakaenda mpaka mwisho wake, waliingiza seli moja. Moja tu. Ile seli ikagawanyika, ikajaza mwili, mnyoo aliyekuwa anakufa akarudi kuwa mzima, na kidogo kidogo seli zake zote zikawa za yule aliyetoa ile moja. Nilipoisoma ile karatasi mara ya kwanza niliacha kila nilichokuwa nafanya nikaisoma tena tangu mwanzo.

Lakini angalia vizuri jaribio lenyewe linasema nini. Seli moja imeingia kwenye mwili ambao bado una ngozi, una misuli, una umbo, una mbele na nyuma. Ile seli haikuleta umbo, imelikuta. Hapo ndo hoja yangu inapoanzia.

Kidogo kuhusu watu waliofungua huu mlango, maana bila wao mimi nisingekuwa na kazi. Miaka ya 90 Alejandro Sánchez Alvarado, mzaliwa wa Caracas, alikuwa Taasisi ya Carnegie kule Baltimore anatafuta mnyama wa kumjibu swali la kuota upya. Wakati ule ukitaka kuheshimika kwenye baiolojia ya maendeleo unachukua nzi, au panya, au yule mnyoo mviringo C. elegans, wanyama ambao zana zake zote zipo tayari, tatizo ni kwamba hao wote hawajui kuota kichwa. Wanaojua kuota upya walikuwa hawana zana. Yeye akachagua mnyama mwenye jawabu na kuamua kutengeneza zana mwenyewe, uamuzi ambao kwa kijana anayeanza maabara ni mzito sana kwasababu miaka ya kwanza huna cha kuchapisha, unajenga tu. Phillip Newmark, aliyekuwa amefanya kazi Barcelona kwa Baguñà, akaungana naye, na mwaka 1998 wakakusanya minyoo kwenye chemchemi ya mapambo iliyoachwa, kilima cha Montjuïc, Barcelona. Kutoka mnyoo mmoja wa pale, kwa kumkata na kumkata tena, wakapata ukoo mzima wenye DNA moja unaoitwa CIW4, na huo ukoo umesambaa maabara nyingi duniani, pamoja na maboksi ninayoyafungulia mimi.

Afu ikatokea bahati ya jirani. Kwenye jengo hilohilo la Carnegie alikuwepo Andrew Fire, ambaye mwaka 1998 pamoja na Craig Mello walionyesha kwamba RNA ya nyuzi mbili (RNA ni ndugu wa DNA anayebeba ujumbe wa jeni) inazima jeni inayofanana nayo, kazi iliyowapa Nobel 2006. Sánchez Alvarado na Newmark wakaijaribu kwa planaria na mwaka 1999 wakachapisha kwamba inafanya kazi. Baadaye ikajulikana hata sindano haihitajiki sana, unaotesha bakteria wanaotengeneza hiyo RNA, unawachanganya na ini, unaweka rangi kidogo ya chakula ili uone nani amekula, mnyoo anakula na jeni inazimika mwili mzima. Nafikiri hii ndo sababu fani yetu ipo. Mwaka 2005 Reddien akiwa bado kwa Sánchez Alvarado walizima jeni 1,065 moja baada ya nyingine, na 240 kati ya hizo zilionyesha kasoro ya aina fulani, wengine hawaoti kabisa, wengine wanaota kichwa bila macho, wengine wanajikunja, wengine wanavimba.

Ni kazi ya mikono na ya subira na mimi niliipenda tangu siku ya kwanza. Unamlaza mnyoo kwenye karatasi yenye unyevu juu ya kitu cha baridi ili atulie, unakata chini ya hadubini, unamrudisha majini, na ndani ya saa moja kidonda kimefunga. Siku ya pili au ya tatu kuna kinundu cheupe kisicho na rangi ya mwili, hiyo ndo blastema. Siku ya nne au ya tano vinatokea vidoa viwili vyeusi, macho. Wiki mbili hivi anakula. Ukiyaangalia haya kila wiki unaanza kumjua mnyama, unamwona tu anavyotambaa unasema huyu ana shida hata kabla hujaweka chochote kwenye hadubini, na ujuzi huo hauandikwi kwenye makala za jarida lakini maabara nzuri zote zina mtu wa namna hiyo, na mara nyingi ni fundi wa maabara ambaye jina lake liko katikati ya orodha ya waandishi.

Mwaka 2008 ndo mwaka ambao swali la Morgan lilipata mkono wa kwanza wa kulishika. Makundi matatu, la Reddien, la Sánchez Alvarado na la Barcelona, kwa wakati mmoja walizima jeni ya beta-katenini, ambayo ni sehemu ya njia ya mawasiliano ya seli inayoitwa Wnt, na mnyoo aliyekatwa mkia akaota kichwa pale mkiani. Vichwa viwili, vinavutana. Hata asiyekatwa, ukiizima muda mrefu, vichwa vinaanza kujitokeza pembeni mwa mwili. Ukizima jeni ya APC, ambayo kazi yake ni kuishusha beta-katenini, inakuwa kinyume, kidonda cha kichwa kinaota mkia. Kwahiyo nyuma panakuwa nyuma kwasababu kuna Wnt nyingi, mbele panakuwa mbele kwasababu ni kidogo. Na hii njia siyo ya minyoo peke yake, sisi tunayo, inatusaidia tukiwa kijusi na ikiharibika utumbo mkubwa unapata saratani. Jeni ileile kabisa.

Sawa, lakini hiyo imeniambia kichwa na mkia vinatofautishwa na nini, haijaniambia kidonda kinajuaje kinatazama wapi. Mwaka 2011 Christian Petersen na Reddien wakaonyesha kwamba kila kidonda, kitazame mbele au nyuma, kinawasha wnt1, moja ya jeni za hiyo Wnt, lakini jeni nyingine inaitwa notum, ambayo inaizuia Wnt, inawaka zaidi kwenye kidonda kinachotazama mbele. Ukiizima notum kidonda cha mbele kinaota mkia. Na zinawaka wapi hizi jeni? Hapa naomba usome taratibu. Siyo kwenye neoblasti. Zinawaka kwenye misuli.

Misuli! Mwaka 2013 maabara hiyohiyo walipanga jeni zote zinazojulikana kubeba habari ya mahali, ya mbele na nyuma, ya juu na chini, ya katikati na pembeni, na karibu zote wakazikuta kwenye seli za misuli iliyo chini ya ngozi. Yaani misuli ya mnyoo, zaidi ya kumtembeza, ndo ramani ya mwili wake, kila msuli unajua upo anwani gani na unatangaza. Ukikata, misuli iliyobaki inapangua matangazo yake upya ndani ya siku moja mbili, na neoblasti zinasikiliza. Mwaka 2017 wakaenda mbele zaidi, ukiondoa nyuzi za misuli za urefu kwa kuzima jeni ya myoD mnyoo anashindwa kuota upya ingawa neoblasti zake ziko palepale hazijaguswa, na ukiondoa zile za mzunguko kichwa kinagawanyika kuwa viwili. Mimi naona haya ni matokeo makubwa kuliko yale ya seli moja ya 2011, na najua wenzangu wengi hawakubali, lakini fikiria, tunatumia nguvu nyingi kutengeneza seli shina kwenye visahani tukitarajia tiba, na mnyama bingwa wa kazi hii anatuonyesha kwamba seli bila anwani ni seli inayosubiri tu.

Kuna jambo lingine linaloendana na hili. Mnyoo anajua tofauti kati ya kuchomwa na kupungukiwa. Mwaka 2010 maabara ya Reddien walionyesha kwamba jeraha lolote, hata la sindano, linazifanya neoblasti za mwili mzima zigawanyike kwa wingi baada ya saa kama 6, lakini wimbi la pili, saa 48, linakuja pale karibu na kidonda tu, na linakuja kama kuna nyama imeondolewa kweli. Tulidhani hilo wimbi la pili ndo kiini cha kuota upya. Mwaka 2018 maabara hiyohiyo ya Reddien ikaonyesha kwamba ukilizuia mnyoo bado anaota, anachelewa tu. Nawapenda kwa hilo, kuirudia hoja yako mwenyewe iliyokupa jina na kuipunguza ukubwa hadharani.

Mimi nilihamia kwenye jinomu, yaani DNA yote ya mnyama, kwasababu ya swali linalotoka moja kwa moja hapo. Kama jeni ni zilezile kwa mnyoo anayeota na asiyeota, na ni zilezile kwetu, basi tofauti iko kwenye matumizi, na matumizi yanaandikwa kwenye sehemu za DNA ambazo siyo jeni, zile zinazowasha na kuzima. Huwezi kuzisoma bila jinomu iliyonyooka. Na jinomu ya planaria, kiukweli, ilikuwa mateso ya fani nzima.

Kwanza kuipata DNA yenyewe. Huyu mnyama ana ute mwingi, na ute unashikana na DNA, unapata tone linalovutika ambalo mashine ya kusoma DNA inalikataa, kwahiyo kuna hatua nzima ya kuondoa ute kabla hujaanza lolote, na unaenda taratibu usizikate nyuzi kwasababu unataka vipande virefu. Pili herufi zake, DNA inaandikwa kwa herufi nne, A, T, C na G, na kwake zaidi ya asilimia 70 ni A na T, mashine za zamani zilikuwa zinajikwaa. Tatu, na hili ndo kubwa, zaidi ya nusu ya jinomu ni marudio, vipande vinavyojinakili na kujipachika sehemu nyingine, na kuna familia moja waliyoipa jina Burro ambayo kila nakala inazidi herufi elfu 30. Sasa chukua kitabu chenye kurasa elfu kadhaa ambacho nusu ya kurasa zake zinafanana neno kwa neno, kichane vipande vya sentensi mojamoja, afu uambiwe ukipange. Ndo hivyo jinomu ya kwanza iliyosomwa miaka ya 2000 ilivyokuwa, ipo, tuliitumia, tuliishukuru, lakini ilikuwa maelfu na maelfu ya vipande, unatafuta jeni moja unaikuta nusu hapa nusu kule.

Kuna la nne linalonivutia binafsi. Kawaida ukitaka jinomu rahisi unawazalisha wanyama ndugu kwa ndugu mpaka nakala mbili za kila kromosomu zifanane. Walijaribu kwa planaria wanaozaliana kwa mayai na sehemu kubwa ya kromosomu ikakataa kufanana, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2016 kundi la Sánchez Alvarado, akiwa Taasisi ya Stowers, Kansas City, wakaandika jambo hilo rasmi, na 2022 ikaonyeshwa kwamba moja ya kromosomu hizo ina dalili za kuelekea kuwa kromosomu ya jinsia kwa mnyama ambaye kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja. Kitu kilichoonekana ni kero ya kompyuta kumbe kilikuwa ni baiolojia, na kwenye kazi za jinomu hii inatokea mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, ndo maana huwa nawaambia vijana wasikimbilie kuchuja data chafu kabla hawajaiuliza kwanini ni chafu.

Januari 2018 jinomu nzuri ikatoka, kazi iliyoongozwa na kundi la Jochen Rink na wenzake Dresden na Heidelberg, kwa mashine za PacBio zinazosoma vipande virefu na programu mpya ya kuunganisha inayoitwa MARVEL. Karibu herufi milioni 800. Toleo hilohilo la jarida la Nature lilikuwa na jinomu ya axolotl, yule salamanda wa Meksiko anayeota miguu, herufi bilioni 32, zaidi ya mara kumi ya binadamu. Ilikuwa wiki ya sherehe kwetu sote tunaoshughulika na kuota upya.

Na ndani yake kulikuwa na maajabu. Kuna jeni zaidi ya mia moja ambazo karibu wanyama wote wanazo na planaria hana. Mbili kati ya hizo ni MAD1 na MAD2, protini zinazoizuia seli isigawanyike mpaka kromosomu zote ziwe zimeshikwa sawasawa na nyuzi za kuzivuta. Tulizihesabu kama za lazima kwa seli yoyote. Lakini planaria hana, na walipompa dawa inayovuruga zile nyuzi seli zake bado zilisimama kusubiri, yaani kazi inafanyika, wafanyakazi tuliowazoea hawapo. Mnyama anayegawanya seli zake kwa miaka bila kuzeeka kwa namna tunayoweza kuipima amekosa ulinzi tuliodhani ndo msingi. Hilo lilinifundisha kutosoma orodha ya jeni kama vile ndo maelezo ya mnyama, na mpaka leo mtu akiniletea orodha ya jeni zilizopo na zisizopo namuuliza amezima ipi akaona nini.

Mwaka uleule zikatoka ramani za seli mojamoja, moja ya Taasisi ya Whitehead kule Marekani na nyingine ya Berlin, kwenye toleo moja la jarida la Science, ambapo unachukua mnyoo mzima, unamtenganisha seli kwa seli, unasoma kila seli inatumia jeni zipi. Wale wa Whitehead walisoma seli zaidi ya elfu 66. Kwa mnyama mdogo namna hii unapata karibu kila aina ya seli aliyonayo, hata zile adimu, na kwasababu neoblasti zinazaliwa na kukomaa muda wote, kila hatua kutoka seli shina mpaka seli iliyokomaa ipo ndani ya mnyoo mmoja siku moja. Kwetu tunaokaa kwenye kompyuta ilikuwa chakula cha miaka.

Sasa kulinganisha. Siyo planaria wote wanaoota kichwa. Dendrocoelum lacteum, mweupe kama jina lake, ukimkata nyuma ya katikati kile kipande cha nyuma kinafunga kidonda na kukaa hivyohivyo bila kichwa. Mwaka 2013 makundi matatu, kwa spishi tatu tofauti zisizoota vizuri, Ujerumani, Marekani na Japani, wakazima beta-katenini na vichwa vikaota. Vyenye macho, vinavyofanya kazi. Jeni moja. Mnyama alikuwa na neoblasti, alikuwa na kila kitu, kilichokosekana ni ishara moja kushuka pale kidondani. Mwaka 2023 kundi la Rink, sasa Göttingen, wakaja na spishi 40 walizokusanya na kuzikata moja moja, na mti wa ukoo wao unaonyesha uwezo wa kuota kichwa umepotea na kurudi zaidi ya mara moja, na mara nyingi nyuma yake kuna mabadiliko kwenye Wnt hiyohiyo.

Na kuna ndugu zao ambao hawakai chini ya mawe. Mnyoo wa kichocho ni mnyoo bapa. Jinomu ya Schistosoma mansoni ilitoka 2009, na 2013 Jim Collins, akiwa kwa Newmark, akaonyesha kwamba kichocho mkubwa aliyekaa kwenye mishipa ya damu ya mtu ana seli shina zinazofanana na neoblasti. Baadaye ikajulikana sehemu kubwa ya seli hizo zinaenda kuijenga upya ile ngozi ya nje inayomkinga na mwili wa mtu, na hapo unaanza kuelewa anavyoweza kuishi ndani ya mtu miaka na miaka, wengine miongo. Ni ugonjwa ambao watu zaidi ya milioni 200 wanahitaji dawa zake, na dawa yenyewe tunayoitegemea kwa miongo yote hii ni moja, prazikwanteli. Mwaka 2009 kundi la Jonathan Marchant waliiweka hiyo prazikwanteli kwenye maji ya planaria wa Japani waliokatwa, na planaria wakaota vichwa viwili. Dawa ya kichocho inavuruga ramani ya mbele na nyuma! Wakaifuatilia, na 2019 wakatangaza tundu la kupitishia kalsiamu kwenye seli za kichocho ambalo dawa inalifungua, kitu kilichokuwa hakijulikani tangu dawa ianze kutumika. Kila anayesema utafiti wa minyoo ya chemchemi ni starehe namwonyesha hizo karatasi mbili, siongezi neno.

Ila ndugu anayenisumbua mimi zaidi siku hizi ni tegu. Tegu anarefuka kwa kutengeneza pingili mpya kutoka shingoni, anatengeneza maelfu, lakini ukimkata kichwa kichwa hakirudi, na kipande kisicho na shingo hakitengenezi pingili mpya. Jibu la haraka lingekuwa seli shina ziko shingoni tu. Mwaka 2019 Tania Rozario na wenzake, kwa Newmark, wakachukua tegu wa panya Hymenolepis diminuta, wakaua seli shina za shingo kwa mionzi, afu wakaingiza seli kutoka sehemu za mwili ambazo zenyewe haziwezi kuota kitu. Shingo ikafufuka, ikaendelea kutengeneza pingili. Seli zilikuwa na uwezo muda wote kule nyuma, hazikuwa na wa kuziambia.

Ndo maana kazi ninayoifanya sasa hivi ni kupanga jinomu za hawa ndugu pembeni kwa pembeni, anayeota kichwa, asiyeota, kichocho na tegu, na badala ya kuanza na jeni za seli shina kama ilivyozoeleka naanza na swichi za jeni za misuli, zile za notum, za wnt, na jirani zake. Kwa planaria hadi sasa hatuna njia ya kawaida ya kumwekea jeni mpya ikarithiwa, kwahiyo swichi nikizishuku nazipeleka kwa Macrostomum lignano, mnyoo bapa wa baharini ambaye tangu 2017 hilo linawezekana kwake, ni mdogo, anapitisha mwanga, na swichi ikiwaka unaiona inang'aa mnyama akiwa hai. Kwa Dendrocoelum ilitosha kushusha ishara moja. Kwa tegu tunaanza na shingo, tunauliza misuli ya pale inatangaza nini ambacho misuli ya pingili ya mwisho haitangazi.